Miaka Mitano Mjini Kampala

Kila nirudipo nyumbani Arua wakati wa likizo, huulizwa swali moja kwa namna nyingi: mji umekufanya nini? Mama huliuliza akizitazama nywele zangu. Mdogo wangu huliuliza akisikiliza ninavyotamka maneno. Majirani huliuliza bila kulitaja. Hunikabidhi mwiko na kungoja waone kama bado ninaweza kusonga ugali wa muhogo na wimbi bila kuacha madonge. Mimi hujibu kwa mzaha na mazungumzo yakaendelea. Lakini sasa niko mwaka wa mwisho chuoni, natarajia kuwa mwalimu wa Kiswahili, na kuna uamuzi mbele yangu ambao siwezi kuufanya kwa mzaha. Kabla sijaamua niishi wapi na nimfundishe nani, ni lazima kwanza nijue mji umenifanya nini.

Nilihamia Kampala mwaka 2019, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, ili nisome kidato cha tano. Kutoka Arua hadi Kampala ni mwendo wa karibu kilomita mia tano. Mabasi mengi husafiri usiku. Unavuka Mto Naili pale Pakwach, unavuka tena Karuma, na kunapopambazuka unaziona nyumba zikianza kusogeleana mpaka hakuna nafasi kati yake. Shangazi yangu alinipokea Bwaise, mtaa wa bondeni ambako mvua ikinyesha sana maji huingia ndani bila kubisha hodi. Nilijifunza mapema kuweka vitabu vyangu juu ya kabati na viatu juu ya meza.

Hayo ya maji sikuyaona kuwa mazito. Kilichonielemea ni masikio. Kwetu tunasema Kilugbara, shuleni tulisoma kwa Kiingereza, na sokoni Arua husikosi kusikia Kiswahili, kwa kuwa wafanyabiashara wa makabila mbalimbali na wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo wanahitaji lugha ya kuelewana bei. Nilidhani lugha tatu zinatosha kuishi popote nchini Uganda. Bwaise ilinionyesha kwamba ninahitaji ya nne. Dukani, kisimani, kanisani, kwenye teksi, kila kitu kilikuwa Kiganda. Watu walicheka nami nikacheka nao bila kujua tunacheka nini.

Chukua mfano wa teksi zetu, yale magari madogo ya abiria kumi na wanne. Ukitaka kushuka husemi na dereva kwa kengele wala kwa kugonga bati. Unasema kwa sauti, "Mu maaso awo," yaani hapo mbele. Ni maneno matatu tu. Kwa majuma mawili ya kwanza sikuthubutu kuyasema, nikiogopa kwamba lafudhi yangu itawafanya abiria wote wageuke. Nilikuwa nangoja abiria mwingine ayaseme, nishuke naye, kisha nitembee hadi nilikokuwa naenda. Wakati mwingine hatua mia, wakati mwingine kituo kizima. Siku nilipoyasema mwenyewe gari lilisimama na hakuna aliyegeuka. Nilisimama kando ya barabara nikiwa nimeshangaa jinsi jambo nililoliogopa lilivyokuwa dogo.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na baada ya siku chache usafiri wa umma nao ukasimamishwa. Sikuweza kurudi Arua. Shangazi aliuza mboga Kalerwe, na kwa kuwa wauzaji wa vyakula waliruhusiwa kuendelea, alikuwa anaondoka alfajiri akiniachia nyumba na watoto wa ua mzima. Watoto wale ndio waliokuwa walimu wangu. Mtu mzima akisikia unakosea Kiganda hukuhurumia na kuhamia Kiingereza. Mtoto hana huruma hiyo. Anakurekebisha, anakucheka, anakurudisha mwanzo, kisha anadai zamu yake ya kuruka kamba. Miezi ile ya kufungiwa nyumbani iliwachosha watu wengi na kuwanyang'anya wengine riziki. Sisi pia tulipunguza milo. Lakini ndimo nilimopata lugha ya mji.

Hapo ndipo niligundua jambo ambalo hadi leo huwasimulia wanafunzi wenzangu. Kilugbara si lugha ya Kibantu. Maji kwetu ni "yi", moto ni "aci", na nomino zetu hazina ngeli. Nilipoanza kusoma Kiswahili kidato cha kwanza, ngeli ziliniumiza kichwa kuliko hesabu. Kwa nini mtu awe watu lakini kitu kiwe vitu? Kwa nini mti mzuri lakini kiti kizuri? Nilizikariri kama sala, bila kuziamini. Sasa, nikiwa Bwaise nimeketi na watoto, nikasikia "omuntu" na "abantu", "ekintu" na "ebintu", "omuti" na "emiti". Nikatulia. Mtu, watu. Kitu, vitu. Mti, miti. Nyumba ni "ennyumba", maji ni "amazzi", mbuzi ni "embuzi". Mlango niliodhani umefungwa ulikuwa na ufunguo, na ufunguo huo nilikuwa nao mfukoni tangu Arua. Kiswahili changu cha darasani, ambacho shangazi alikiona hakina kazi mjini, ndicho kilichonifundisha Kiganda.

Tangu siku hiyo nimeacha kuiona lugha kama ukuta kati ya kabila na kabila. Mlugbara aliyepitia Kiswahili anafika kwa Waganda akiwa ameshafika nusu ya njia. Sikulisoma jambo hili katika kitabu cha isimu. Nililipata nikiwa ninaosha sufuria.

Nilipoingia chuoni mwishoni mwa mwaka 2021 nilichagua Kiswahili bila kusita, nikapanga chumba karibu na chuo. Kampala vyumba hivi vya kupanga, vilivyoshikana kwa safu na kuitazama bafu moja, huitwa "mizigo". Nilipoandika barua nyumbani kwamba naishi katika muzigo, babu alicheka sana, kwa sababu kwake yeye mzigo ni kitu cha kubebwa kichwani. Si mbali na ukweli. Kodi, maji ya jerikeni, makaa, umeme wa kununua kidogokidogo: chumba hicho nimekibeba mwezi hadi mwezi kwa kuchapa kazi za wanafunzi kwenye kibanda cha fotokopi. Kibandani nilijifunza kukataa kazi ya mkopo, kusema bei bila kuinamisha uso, na kulala na elfu mbili bila kulia. Hayo pia ni makuzi, ingawa hayaandikwi kwenye cheti.

Mwenye nyumba wetu ni bibi wa Kiganda aliyevuka miaka sabini. Wapangaji wote tunamwita Jjajja, yaani bibi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Ova wa?" Nikamwambia natoka Arua. Akanyamaza. Akaniuliza ninasoma nini. Nikamwambia Kiswahili. Akanyamaza tena, kisha akasema kwa upole lakini bila kuzungukazunguka kwamba ninakaribishwa, ila lugha hiyo nisiizungumze uani kwake.

Msomaji wa Tanzania au wa Kenya huenda akaona ajabu mtu kukikataa Kiswahili. Sisi wa Uganda tunajua sababu. Kiswahili kwetu kilikuja na biashara, lakini kilikaa zaidi katika kambi za askari, tangu majeshi ya mkoloni hadi yale yaliyofuata. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo lile halikukisaidia, kwa maana lilikifunga pamoja na utawala wake. Watu wengi wa kusini walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani usiku, kikitoka kwenye kinywa cha mtu mwenye bunduki. Jjajja alikuwa msichana wakati huo. Baadaye, tulipozoeana, aliniambia kwamba neno la kwanza la Kiswahili alilolijua ni "toka" na la pili ni "lala chini". Mumewe alichukuliwa jioni moja na hakurudi. Na Amin alihesabiwa mtu wa West Nile, kwetu. Kwa hiyo mimi nilipoingia uani kwake na sanduku langu, nilikuja na mambo mawili aliyokuwa na sababu ya kuyaogopa: nilikotoka na lugha niliyosomea.

Nilitaka kumjibu siku ileile. Nilitaka kumwambia kwamba bibi yangu mzaa baba naye alikikimbia Kiswahili. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, askari wa serikali mpya waliingia West Nile wakalipiza kisasi kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika silaha. Maelfu walikimbilia Sudani na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Bibi alivuka mpaka kwa miguu, baba yangu akiwa mgongoni, na askari aliokuwa akiwakimbia walikuwa wakiitana kwa Kiswahili. Vikongwe wawili, mmoja wa kusini na mmoja wa kaskazini, kila mmoja anamdhania mwenzake kuwa upande wa bunduki, na wote wawili wamejeruhiwa kwa lugha moja. Sikusema. Mgeni haanzi kwa kubishana na mwenye nyumba. Nilikubali masharti yake, nikawa nasomea sarufi yangu kimoyomoyo.

Lakini katika familia yetu Kiswahili kilikuwa na upande mwingine, na huo niliufahamu kupitia babu mzaa mama. Enzi za ukoloni vijana wengi wa West Nile walikwenda kusini kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa. Babu naye alikwenda huko akiwa kijana. Mashambani walikuwa watu wa makabila mengi, na lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Cha babu si sanifu. Husema "kazi mingi" na "mimi nakwisha choka". Alianza na namba, anasema, kwa sababu mshahara ulihesabiwa kwa Kiswahili. Kisha akajifunza majina ya vyakula. Kisha maneno ya kumfariji mwenzake aliyefiwa mbali na nyumbani. Likizo moja nilimsomea insha yangu ya chuo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii ni Kiswahili ya redio. Nzuri. Lakini sisi ilitulisha." Nimesoma nadharia kadhaa kuhusu uenezi wa Kiswahili, na bado sijapata sentensi iliyonikaa kama hiyo.

Mwaka jana chumba cha jirani yangu kilipangishwa kwa mama Mkongomani na watoto wake watatu. Kampala imewapokea Wakongomani wengi waliokimbia vita vya mashariki. Hakujua Kiganda wala Kiingereza. Jjajja alimpokea kwa ishara za mikono. Usiku mmoja nilisikia kilio, kisha mlango wangu ukagongwa. Mtoto wake mdogo alikuwa anatapika na mwili unawaka. "Mutoto iko na joto mingi," alisema, "anatapika toka asubui." Katika hali ya kawaida masikio ya mwanafunzi wa sarufi yangenyanyuka kwa upatanisho ule. Usiku ule sikusikia ngeli. Nilimsikia mama.

Jjajja alitoka na taa yake. Tulisimama watatu pale uani saa saba za usiku: mama anasema Kiswahili cha Kongo, mimi namgeuzia Jjajja kwa Kiganda, Jjajja anauliza, mimi narudisha kwa Kiswahili. Ameanza lini? Amekunywa nini? Ana mwaka mmoja au miwili? Jjajja akamwita kijana wa bodaboda anayemwamini, tukapakiana hadi zahanati. Huko nako nikawa katikati, safari hii kati ya mama na muuguzi. Ilikuwa malaria. Waliwahi. Asubuhi tulirudi mtoto amelala begani kwa mama yake.

Sitaki kusema kwamba tangu hapo Jjajja alikipenda Kiswahili, maana si kweli. Maumivu ya miaka arobaini hayatibiwi kwa usiku mmoja, na sina haki ya kumdai ayasahau ili mimi niwe na hadithi nzuri. Lakini siku mbili baadaye, nikifua nguo, alikuja na kiti chake, akakaa, akaniuliza mama yule alikuwa anasema neno gani alipokuwa analia, lile alilolirudiarudia. Nilikumbuka. Alikuwa anasema "mwanangu". Nikamwambia maana yake ni "omwana wange". Alilirudia polepole, "mwa-na-ngu", kama anayeonja chakula asichokijua. Akasema, "Hilo hawakuwahi kutuambia." Akaondoka na kiti chake. Siku hizi ninazungumza Kiswahili uani na mama Mkongomani, na Jjajja hasemi kitu.

Nimelifikiria sana neno lile. Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Darasani tulipiga makofi. Ajira zetu zilikuwa zimetangazwa. Nami nilipiga makofi. Lakini nikikumbuka "toka" na "lala chini", naona sheria peke yake itampa mtoto wa Kiganda alama katika mtihani, wala haitamfungulia mlango bibi yake. Lugha iliyoingia kwa amri mara ya kwanza haiwezi kusafishwa kwa amri ya pili. Inahitaji watu watakaoitumia mahali pa kawaida: zahanati, sokoni, kibandani, kwenye malezi. Watu wengi wa kusini walikipokea Kiswahili kikiwa na "toka" kabla hakijawa na "mwanangu". Kazi ya mwalimu wa kizazi changu, naamini, ni kurekebisha mpangilio huo.

Basi mji umenifanya nini? Nilipofika niliamini kwamba kukua mjini ni kuwa mjanja: kutodanganywa bei, kutoporwa simu, kuvuka barabara bila kusitasita. Hayo nimeyajua. Lakini naona kukua kwangu zaidi katika jambo jingine. Nilikuja na hadithi moja, ya kwetu, ambamo sisi ndio tuliodhulumiwa. Kampala imenikalisha uani pamoja na hadithi ya mwingine, ambamo anayefanana na mimi ndiye aliyeshika bunduki, na ikanifundisha kuisikiliza hadi mwisho bila kuiacha ya kwetu. Sikuwa na uwezo huo nikiwa na miaka kumi na saba. Sidhani ningeupata kwa kubaki mahali ambapo kila mtu anaijua hadithi yangu. Waswahili husema tembea uone, nami naongeza kwamba kuna mambo huyaoni kwa kutembea, mpaka ukae.

Kuna gharama pia. Kilugbara changu kimeanza kuwa na matundu. Kuna majina ya miti na mboga za porini ambayo mdogo wangu anayajua nami ninayatafuta. Jina langu la Kilugbara maana yake ni taabu, kama yalivyo majina yetu mengi yanayotunza kumbukumbu ya siku uliyozaliwa. Mjini nimezoea kuitwa kwa jina la ubatizo, na siku moja nilimsikia mama akiniita lile la nyumbani nikachelewa kugeuka. Nikienda Arua watu huniuliza, "Utaondoka lini?" Nikirudi Kampala Jjajja huniambia, "Kulikayo," salamu ya Waganda kwa mtu aliyerejea kutoka safari. Kwetu nasalimiwa kama mgeni, ugenini nasalimiwa kama aliyerudi. Mwaka wa kwanza jambo hili lingeniliza. Sasa nalichukulia kama hali ya mtu mwenye nyumba mbili, na mwenye nyumba mbili hufagia mara mbili.

Muhula ujao tunapangiwa shule za mazoezi ya kufundisha. Mama anataka niende Arua, ambako watoto tayari wana Kiswahili cha sokoni na wanahitaji tu mtu wa kuwaambia kwamba cha babu yao si cha kuchekwa. Mwalimu wangu mmoja ananishauri nibaki Kampala, ambako walimu wa Kiswahili wanahitajika na wanafunzi wengi wanaingia darasani na hofu waliyorithi. Pande zote mbili zina haki. Nimejaza fomu kwa shule ya hapa Kampala, ya mtaani, si mbali na Bwaise. Nimemwandikia mama na kumweleza kwamba Arua ina babu wengi wanaoweza kuwaambia watoto jinsi Kiswahili kilivyowalisha, na kwamba hapa hakuna aliyesimuliwa hivyo. Amejibu kwa sentensi moja ya Kilugbara, kwamba Krismasi kuna ugali wa kusonga.

Nimeanza kuandaa somo la kwanza. Silabasi inataka tuanze na salamu, nami nitaanza na salamu. Lakini kabla ya "hamjambo" nitawaandikia ubaoni maneno ya Kiganda wanayoyajua tangu utotoni, "omuntu", "ekintu", "omuti", na mwisho "omwana wange". Nitawaomba wabashiri wenyewe Kiswahili chake.